Wasia wa Mgonjwa: Kilichoachwa na Kilichohofiwa, kutoka Siu ya Mwaka 1858 hadi Uganda ya Miaka ya 1990

1.0 Utangulizi

Mtu anapoambiwa, au anapotambua mwenyewe, kwamba ugonjwa wake hauna tiba, mambo mengi humtoka mikononi. Shamba litalimwa na mwingine, deni litalipwa na warithi, na hata mwili wake utaoshwa na watu wengine. Jambo moja hubaki katika uwezo wake kwa muda, nalo ni kusema. Insha hii inawahusu watu waliotumia muda huo kuwaachia watoto wao mafunzo ya maisha kwa maandishi. Inachunguza nyakati mbili zilizo mbali katika historia ya Afrika Mashariki: mwaka 1858 katika mji wa Siu, kisiwani Pate, Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utendi, na miaka ya 1990 nchini Uganda, wazazi wenye Virusi vya Ukimwi walipoanza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu.

Utendi wa Mwana Kupona haukosi wasomaji. Katika madarasa ya fasihi husomwa mara nyingi kwa swali moja: mwanamke amechorwaje? Swali hilo ni halali, na insha hii haikusudii kulifuta. Hata hivyo, katika kulijibu, jambo moja la kihistoria husahaulika kwa urahisi, yaani kwamba aliyekuwa akisema alikuwa mgonjwa. Hakukaa kuandika mwongozo wa ndoa kwa ajili ya wanawake wa pwani wa vizazi vyote. Alikuwa mama aliyeona muda wake unapungua, naye alikuwa na mtoto mmoja mbele yake.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mgonjwa anayejiandaa kuondoka haachi kila anachokijua. Huacha kile anachohofia kwamba kitapotea pamoja naye. Kwa sababu hiyo wasia wa mgonjwa ni ushahidi wa kihistoria wa aina ya pekee: humwonyesha mtafiti ni kitu gani kilikuwa hatarini katika jamii ile, wakati ule, kwa mtoto yule. Ni vyema kutahadharisha mapema kwamba insha haidai kuwa vitabu vya Uganda vilitokana na utendi wa Siu. Vitabu hivyo havikuwa sehemu ya mapokeo ya ushairi wa Kiswahili, na vina chanzo chake. Mifano hii miwili imewekwa pamoja kwa sababu inajibu swali moja kwa njia zinazotofautiana, na tofauti hiyo ndiyo inayofunza.

2.0 Wasia: Neno na Mapokeo Yake

Neno wasia, ambalo wengine hutamka wosia au usia, limetokana na Kiarabu na hubeba maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni ya kisheria: maagizo ya mtu kuhusu mali yake baada ya kufa. Sheria ya Kiislamu imeyawekea maagizo hayo mipaka. Mtu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake, na sehemu inayobaki hugawiwa warithi kwa mafungu yaliyokwisha kuwekwa. Aidha, mafundisho ya Mtume Muhammad yanamhimiza Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asikae siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Maana ya pili ni ya kimaadili: nasaha anazopewa mtu na aliyemtangulia kwa umri au kwa uzoefu. Kwa wasia wa namna hii hakuna theluthi. Mzazi anaweza kumpa mtoto mmoja mafunzo yake yote, na bado akampa mwingine yote pia.

Katika Kurani mapokeo haya ya pili yana mifano inayojulikana sana. Luqman anamuusia mwanawe katika sura inayobeba jina lake, na katika sura ya pili Nabii Yaqub, mauti yanapomjia, anawauliza wanawe watamwabudu nani baada yake. Mji kama Siu, uliosifika kwa wanazuoni na kwa wanakili wa misahafu, uliijua mifano hiyo vyema. Mtu aliyetoa wasia akiwa kitandani hakuwa akibuni jambo jipya. Alikuwa akiingia katika nafasi iliyokwisha kuandaliwa na dini.

Sambamba na hayo yapo mapokeo ya jamii za bara, ambako si ajabu kwa mzee aliyezidiwa kuwaita watoto na ndugu, akataja mipaka ya shamba, wadeni wake na mtu atakayesimama mahali pake, kisha akatoa nasaha. Katika mila nyingi za aina hii anayeita ni baba, na wanaoitwa mbele ni watoto wa kiume. Jambo la kwanza linalovutia katika mifano miwili ya insha hii ni kwamba sauti inayosikika zaidi ni ya mama.

3.0 Siu, 1858: Mama, Wino na Binti

Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyeupinga kwa miaka mingi utawala wa Masultani wa Zanzibar. Mwaka 1844 jeshi lililotumwa na Sayyid Said kuitiisha Siu lilishindwa, na jemadari wake Amir Hamad akauawa. Nyumba aliyoolewa Mwana Kupona ilikuwa, kwa hiyo, nyumba yenye heshima na yenye maadui. Utendi ulipotungwa, mwaka 1275 wa Hijria unaolingana na 1858, Bwana Mataka alikuwa amekwisha kufariki. Mwana Kupona naye alifariki miaka michache baadaye, takribani 1860. Binti aliyeusiwa, Mwana Hashima, alikuwa msichana anayekaribia umri wa kuolewa, kama hakuwa ameufikia.

Utendi unaanza kwa kumwita binti asogee karibu. Mama anamweleza kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima, na kwamba katika muda huo hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Kisha anamtaka aje mbele, akae, na awe na wino na karatasi, kwani moyoni ana jambo la kumweleza. Maelezo haya ni machache, lakini yanasema mengi. Yanatuonyesha kwamba ugonjwa wa muda mrefu huinyang'anya familia mazungumzo kabla ya kumnyang'anya mgonjwa uhai. Mama na binti walikuwa nyumba moja kwa mwaka, na neno lilikuwa halijasemwa. Yanatuonyesha pia kwamba, angalau katika tukio linalosawiriwa na utendi wenyewe, mtoto hakuitwa kusikiliza tu. Ameitwa pamoja na wino na karatasi, yaani kama mtu anayejua kusoma na kuandika, na kama mshiriki katika kuumba wasia wake mwenyewe.

Baada ya hapo mama anazitaja zawadi tatu: hirizi ya kufungwa kwa uzi, kidani cha lulu na marijani, na kifungo cha kuvaa shingoni. Kila msomaji anaelewa kwamba vitu hivyo ni maneno. Hata hivyo uchaguzi wa taswira si wa bahati. Hirizi hukinga, kidani hupamba, nacho kifungo hushika kitu kisidondoke. Vyote vitatu huvaliwa mwilini, navyo humfuata mtu aendako. Mama ambaye hataweza kumfuata binti yake hadi nyumba ya mume amechagua zawadi zinazoweza kwenda.

Mafunzo yanayofuata yanajulikana: kushika dini, kuwa na adabu na ulimi wenye staha, kuwapenda jamaa, kutodharau maskini, kutunza usafi wa nyumba na wa mwili, na kumridhisha mume. Katikati ya nasaha za ndoa mama anasimulia maisha yake na baba wa mtoto. Anasema hawakuwa na siku ya kugombana, na kwamba mume alipofikiwa na mauti alimkariria radhi zake. Hapa wasia mmoja umebebwa ndani ya mwingine. Mgonjwa wa leo alikuwa jana ameketi kando ya mgonjwa mwingine, akapewa neno la mwisho, na neno hilo limekuwa sehemu ya anachomwachia mtoto. Anajua wasia unavyopokewa kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuupokea.

Sehemu kubwa ya mwisho ni dua. Mama anawaombea watoto wake na ndugu zake, na anajiombea mwenyewe. Jambo hili lisipuuzwe na wanaodhani kwamba kutoa wasia ni kukata tamaa. Mtu anaweza kujiandaa kufa na kuomba apone katika utungo uleule, na Mwana Kupona amefanya hivyo bila kuona mgongano wowote. Kuelekea tamati anaeleza sababu ya kutunga: si kwamba yeye ni mshairi au malenga, bali ana kijana asiyejua mambo, naye anapenda kumuusia. Kisha anawaalika wanawake wengine wausome. Maneno aliyokusudiwa mtoto mmoja yakafunguliwa mlango wa nje na mwenyewe aliyeyasema.

4.0 Kilichohofiwa Siu

Iwapo wasia huonyesha kilicho hatarini, ni muhimu kuuliza utendi huu unanyamazia nini. Hauelezi nasaba ya Bwana Mataka. Hausimulii vita vya 1844. Haumwambii Mwana Hashima yeye ni nani, ametoka ukoo gani, wala nyumba yao iko mtaa gani. Mtungaji hakuhitaji kufanya hivyo. Katika mji mdogo wa mawe, ambamo kila familia ilijua nafasi yake na nafasi ya jirani, binti wa mtawala hakuwa katika hatari ya kusahau asili yake. Mji mzima ungemkumbusha.

Hatari ilikuwa kwingine. Baba alikuwa amefariki na mama alikuwa njiani kumfuata. Mgogoro na Zanzibar haukuwa umekwisha. Katika miaka ya 1860, chini ya Sayyid Majid, Siu hatimaye ilitiishwa, na Muhammad, mwana wa Bwana Mataka, alikufa kifungoni katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Mtoto wa kike wa nyumba kama hiyo, bila baba na bila mama, alikuwa na ngao chache: dini yake, jina lake jema, ulimi wake na ndoa yake. Kwa kuangalia hali hiyo, nasaha kuhusu mume, usafi, manukato na maneno laini zinapata sura nyingine. Zinabaki kuwa nasaha za utii, na msomaji wa leo ana haki ya kuzihoji. Lakini pia ni maelekezo ya mtu anayejua ni silaha zipi binti yake ataruhusiwa kuzishika. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, amewahimiza wasomaji wasiishie katika maana ya juu ya utendi huu, bali wazingatie uhusiano wa lugha, ushairi na uwezo ndani yake. Insha hii inakubaliana naye, na inaongeza kwamba uwezo huo ulitolewa kwa haraka, na mtu aliyekuwa akishindana na muda.

Methali inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa kawaida hutumiwa kumkemea mtoto mkaidi. Kwa mama mgonjwa methali hiyo haina kemeo lolote. Ni maelezo ya jambo litakalotokea asipoita wino na karatasi mapema.

5.0 Wasioandikiwa

Uaminifu wa kihistoria unadai jambo moja zaidi lisemwe kuhusu nyumba ya Siu. Miongoni mwa nasaha za Mwana Kupona imo ile inayomtaka binti asichanganyike na watumwa isipokuwa katika shughuli za kazi. Beti hizo zinatukumbusha kwamba katika nyumba ambamo wasia huu ulitamkwa waliishi wanawake wengine ambao nao waliugua, walikuwa na watoto, na walikufa. Hawakuwa na wino, wala karatasi, wala hakika kwamba watoto wao wangebaki karibu nao hadi siku ya mwisho. Mwanamke aliyetekwa bara na kuuzwa pwani alikuwa na mengi ya kumwambia mwanawe: jina la kijiji, lugha ya bibi yake, njia aliyopitishwa. Kama aliyasema, aliyasema kwa mdomo, na kwa sehemu kubwa hatunayo.

Hoja hii haimpunguzii Mwana Kupona huzuni yake. Inatufundisha tu kwamba historia ya wasia ulioandikwa ni historia ya wale waliopewa kalamu. Swali la kuuliza ni hili: ni lini, katika eneo letu, mama wa kawaida asiye na ukoo wa utawala aliwezeshwa kukaa chini na kumwandikia mtoto wake? Sehemu kubwa ya jibu imo katika miaka ya Ukimwi.

6.0 Kutoka Utendi hadi Kitabu cha Kumbukumbu

Kati ya nyakati hizo mbili mapokeo ya kuwaandikia watoto nasaha hayakukatika. Mfano ulio wazi ni Shaaban Robert (1909–1962), ambaye baada ya kufiwa na mkewe alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Yeye hakuandika akiwa mgonjwa wa kufa. Aliandika kama mzazi aliyebaki, akijaribu kujaza nafasi ya aliyeondoka. Hata hivyo wote wawili, Mwana Kupona na Shaaban Robert, walikuwa mahodari wa lugha. Mama asiye na ushairi alikuwa bado hajapata umbo la kuandikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ambao watu wa Rakai, kusini mwa Uganda, waliuita kwa jina la kukonda ulianza kuua vijana na watu wazima waliokuwa na nguvu. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Ugonjwa huu uliivunja taratibu ya kawaida ya wasia kwa namna mbili. Kwanza, uliwachukua wazazi wakiwa vijana, watoto wao wakiwa wadogo mno kuweza kushika nasaha. Pili, mara nyingi uliwachukua baba na mama kwa kufuatana, pamoja na shangazi na wajomba, hata watu ambao kwa desturi wangemsimulia yatima habari za wazazi wake wakawa nao hawapo. Bibi aliyebaki na wajukuu kutoka nyumba kadhaa hakuweza kuwa kumbukumbu ya wote.

Ilikuwapo pia aibu. Majirani walinong'ona, waganga walishukiwa, na mtoto aliambiwa kwamba mama ana malaria au kifua kikuu. Wagonjwa wengi walikufa bila ya jina la ugonjwa wao kutajwa nyumbani. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika lililowakusanya wenye VVU na familia zao, na mwaka 1992 wanawake wa Uganda wanaoishi na virusi wakaunda chama chao, NACWOLA. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Beatrice Were, mjane aliyejitokeza hadharani kueleza hali yake. Ni katika chama hiki ambapo kazi ya vitabu vya kumbukumbu ilienea.

Wazo la kwanza lilitoka mbali, ingawa si mbali na Waafrika. Nchini Uingereza shirika la Barnardo's, ambalo huhudumia watoto, lilikuwa likifanya kazi na familia zenye VVU, zikiwamo za akina mama waliotoka Afrika, na likaandaa njia ya mzazi kumwekea mtoto kumbukumbu zake. Akina mama wa Uganda waliichukua njia hiyo na kuifanya yao. Walikutana kwa vikundi, wakafundishana namna ya kuanza mazungumzo na mtoto, kisha kila mmoja akaandika katika kitabu chenye vichwa vya habari vilivyoandaliwa: kuzaliwa kwako, maneno yako ya kwanza, utoto wangu mimi, babu na bibi zako, ukoo na mila zetu, mahali tulipoishi, afya yangu, matumaini yangu kwako. Palikuwa na nafasi ya kubandika picha. Asiyejua kuandika aliandikiwa na mwenzake au na mtoto wake mkubwa. Mwandishi Henning Mankell wa Uswidi alikwenda Uganda kuviona vitabu hivyo na mwaka 2003 akachapisha kitabu kuvihusu. Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town na mradi wa Sinomlando wa KwaZulu-Natal waliendeleza kazi inayofanana na hiyo kwa kutumia masanduku ya kumbukumbu, yaliyotiwa simulizi, picha na vitu vya mzazi.

Tukivilinganisha vichwa hivyo vya habari na utendi wa Siu, tofauti inajitokeza. Karibu kila jambo ambalo Mwana Kupona alilinyamazia limeandikwa hapa, na mengi aliyoyasisitiza yamepewa nafasi ndogo. Kitabu cha kumbukumbu hakianzi na namna ya kumridhisha mume. Kinaanza na wewe ni nani. Mama wa Uganda ya 1996 angeweza kuwa na matumaini kwamba kanisa, msikiti, shule au bibi wangemfunza mwanawe adabu. Alichohofia ni kwamba hapangekuwa na mtu wa kumwambia jina la baba yake, ukoo wake, kaburi la babu yake liko wapi, na kwamba yeye alizaliwa usiku wa mvua naye akapokewa kwa furaha. Ujuzi huo ulikuwa pia na uzito wa kisheria. Katika jamii ambamo haki ya ardhi hupitia ukoo, yatima asiyejua nasaba yake ni yatima anayeweza kunyang'anywa shamba. Wajane wengi waliona ndugu za mume wakidai nyumba kabla matanga hayajaisha. Kumwandikia mtoto ukoo wake kulikuwa kumwachia ushahidi.

Ilikuwapo pia sura ya ukweli. Ukurasa unaohusu afya ulimlazimisha mzazi kuamua kama ataandika jina la ugonjwa wake. Akina mama waliofanya kazi hii walieleza kwamba hapo ndipo kalamu ilipokuwa nzito. Aliyeandika alikuwa amemwamini mtoto wake kwa jambo ambalo watu wazima wa mtaa walimficha.

7.0 Maumivu, Muda na Dawa

Katika nyakati zote mbili wasia ulitegemea mwili. Mwana Kupona alisema wazi kwamba maradhi yalimzuia kusema. Mgonjwa mwenye maumivu makali hawezi kutunga utendi, wala kujaza ukurasa wa kitabu. Kwa hiyo historia ya wasia inapaswa kuitaja pia historia ya tiba ya maumivu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya maji, dawa ya kunywa iliyo rahisi kutengenezwa, ikaanza kuwafikia wagonjwa wa saratani na Ukimwi majumbani. Dawa hiyo haikurefusha maisha. Iliwapa wagonjwa saa ambazo waliweza kukaa na watoto wao wakazungumza.

Kisha likatokea jambo ambalo mapokeo ya wasia hayakulitarajia. Mwishoni mwa mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitangaza lengo la kuwafikishia dawa za kufubaza VVU watu milioni 3 katika nchi maskini ifikapo mwisho wa 2005. Katika mwaka 2004 Uganda na Tanzania zilianza kutoa dawa hizo bila malipo kupitia vituo vya umma. Wazazi waliokuwa wameandika vitabu vyao wakijiandaa kufa wakaanza kunenepa, wakarudi shambani, wakaona watoto wao wakimaliza shule. Kitabu kilichokusudiwa kufunguliwa baada ya mazishi kikawa kinasomwa mezani, mwandishi akiwa hai na akiulizwa maswali.

Kwa mwanahistoria, tukio hili lina thamani ya pekee, kwa kuwa linatuwezesha kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yameshikana: wasia na kifo. Kifo kilipoahirishwa, wasia haukupoteza kazi yake. Watoto walikuwa wamekwisha kujua ugonjwa wa mzazi, walikuwa wamejua ukoo wao, na baadhi yao waliweza kuwakumbusha wazazi saa ya kumeza dawa. Inaonekana kwamba faida kubwa ya vitabu hivi haikuwa katika karatasi zilizobaki, bali katika mazungumzo yaliyohitajika ili karatasi hizo ziandikwe. Mzazi hawezi kuandika maneno ya kwanza ya mwanawe bila kumwita amsimulie, wala mtoto hawezi kubandika picha ya bibi bila kuuliza huyu ni nani.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba mgonjwa wa Siu mwaka 1858 na wagonjwa wa Uganda katika miaka ya 1990 waliandika kwa haja moja, wakaacha vitu tofauti kwa sababu hofu zao zilitofautiana. Mwana Kupona hakuwa na shaka kwamba binti yake angejulikana. Alihofia namna angeishi miongoni mwa watu. Akina mama wa NACWOLA walihofia kwamba watoto wao wasingejulikana kabisa, hata na wao wenyewe. Kwa hiyo haifai kuuchukua wasia wowote wa mgonjwa kama orodha ya maadili ya kudumu ya jamii nzima. Kwanza tuulize aliyesema alikuwa akiona nini kinamponyoka.

Jambo la pili linamhusu mpokeaji. Mwana Hashima aliishi miongo mingi baada ya mama yake, akaiona karne ya 20, naye alikuwa miongoni mwa waliowaeleza watafiti habari za mtungaji. Alice Werner aliuchapisha utendi mwaka 1917, na mwaka 1934 likatoka toleo lake pamoja na William Hichens. Kabla ya hao, beti 102 zilikuwa zimetunzwa kwa hati za Kiarabu na kwa vifua vya wanawake, zikisaidiwa na kina kimoja cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti. Wataalamu walioupa utendi huu nafasi katika historia ya fasihi walikuta kazi ya kuuhifadhi imekwisha kufanywa na wanawake wa pwani, binti wa mtungaji akiwa mmoja wao.

Hili linazaa tahadhari kwa watafiti wa leo. Vitabu vya kumbukumbu vya Uganda, na vingine vya aina hiyo vilivyomo katika nyumba za Afrika Mashariki, ni hazina ya kihistoria. Lakini Mwana Kupona aliwaalika wanawake wote wamsome. Mama aliyeandika kwa mwanawe kuhusu ugonjwa wake hakutualika sisi. Kitabu hicho ni mali ya mtoto. Mtafiti anayekihitaji amwombe, na akikataliwa aondoke. Kinachoweza kufanywa bila idhini ya mtu ni jambo la nyumbani kwetu wenyewe: kuketi karibu na mgonjwa tuliye naye, wakati bado ana pumzi ya kusema, tukiwa na wino na karatasi.